Kabla Kilombero Haijawa Ihefu

Huu ni msimu wa kiberiti. Kuanzia Agosti mpaka mvua za kwanza, bonde la Kilombero hufuka moshi: matete yanachomwa kandokando ya mto, nyasi zinachomwa mbugani, na moto ukishapita inafuata pawatila. Ukiwa juu ya daraja la Magufuli, lile linalounganisha Ifakara na Ulanga, unauona moshi pande zote mbili na huhangaiki, maana miaka yote upo. Nami nimeuona hivyo hivyo tangu utotoni. Kinachonifanya niandike sasa ni mahali moto huo unapoelekea. Zamani uliishia kwenye nyasi ambazo masika huzifunika na kiangazi huzikausha. Sasa unashuka hadi kwenye mafunjo, kule ambako maji hayakauki mwaka mzima, na ukishazimika watu wanachimba mitaro ya kuyatoa hayo maji ili wapande.

Niseme mapema kabla sijaeleza lolote: hilo la mitaro likiendelea, tutaupoteza mto wa kiangazi. Masika utafurika kama kawaida na kuzoa nyumba za watu, kisha ikifika Septemba tutabaki na madimbwi. Sitabiri kwa ndoto. Upo mto mwingine uliopita njia hiyo, tena ndani ya bonde hili hili kubwa la Rufiji, na sababu zake zinajulikana. Mto huo ni Ruaha Mkuu, na kinamasi chake kinaitwa Ihefu.

Ihefu iko Usangu, wilaya ya Mbarali. Mito inayoteremka kutoka milima ya Uporoto na Kipengere, yaani Mbarali, Kimani, Chimala na Ruaha mwenyewe, pamoja na Ndembera unaotokea upande wa Mufindi, yote humwaga maji kwenye tambarare hiyo. Maji hayo hutulia kinamasini kama kwenye beseni, na mlango wa kutokea ni mmoja tu, mahali paitwapo N'giriama, palipo na kizingiti cha mwamba. Maji yakiwa juu ya kizingiti, mto unaendelea na safari yake kuingia Hifadhi ya Ruaha na baadaye bwawa la Mtera. Yakishuka chini yake hata kwa kimo cha kiganja, hakuna kinachotoka.

Hapo ndipo wengi walipokosea hesabu. Beseni lile liko juani. Kiangazi jua hunywa kwanza, mafunjo hunywa, na kinachobaki ndicho kinachoweza kufika kizingitini. Watafiti walioichunguza Usangu miaka ya 2000 walikadiria kwamba ili mto utoke Ihefu kiangazi na nusu tu ya mita ya ujazo kwa sekunde, au zaidi ya hapo kidogo, lazima mita za ujazo zipatazo 7 ziwe zinaingia kwa kila sekunde. Rudia kuisoma hesabu hiyo taratibu. Saba zinaingia, inatoka nusu. Kwa hiyo anayepunguza maji ya juu kidogo hapunguzi mto wa chini kidogo. Anaweza kuufuta kabisa, na bado akipita Ihefu akakuta kuna maji, kuna ndege, kuna kambale, akaapa kwamba hakuna kilichoharibika.

Mto ulifutika mara ya kwanza mwaka 1993. Tangu hapo imekuwa kawaida ya kila kiangazi: wiki kwa wiki mchanga mtupu ndani ya hifadhi, viboko wamebanana kwenye tope, tembo wanachimba mtoni kwa miguu na mikonga kutafuta maji. Wapo waliosema hata mgao wa umeme wa miaka ile ulitokana na Ihefu. Mimi hapo huwa siungi mkono moja kwa moja, kwa sababu mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu hutegemea zaidi maji yaliyokingwa masika, na namna mabwawa yalivyoendeshwa nayo ina lake. Lakini mto uliokuwa ukipita mwaka mzima ulikoma kupita, na hilo halina mjadala.

Nani aliyachukua maji? Jibu rahisi lilikuwa ng'ombe, na mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Ihefu kwa operesheni. Mwaka 2008 Usangu ikaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha, ambayo kwa nyongeza hiyo ikawa hifadhi ya taifa kubwa kuliko zote nchini wakati ule. Mto uliendelea kukauka. Ulikauka kwa sababu juu ya kinamasi, kwenye mito inayokilisha, mabanio yalibaki wazi.

Banio ni neno la Usangu, na inafaa watu wa Kilombero walijue vizuri kwa sababu linakuja kwao. Ni mahali mkulima anapozuia mto ili maji yaingie mferejini. Banio la asili lilikuwa la magogo, mawe, vichaka na udongo. Lilivuja. Mafuriko yakija yalilizoa, likajengwa upya. Wahandisi waliliona ni la kizamani na linapoteza nguvu za watu kila mwaka, na kusema kweli walikuwa sahihi kuhusu nguvu za watu. Wakajenga mabanio ya zege yenye milango ya chuma. Yale hayavuji. Masika, mto ukiwa mkubwa, tofauti haionekani, maji yanatosha wote. Kiangazi, mto ukiwa umebaki kijito, banio la zege linaweza kuuchukua wote, tone la mwisho, na kuuelekeza mferejini. Ule uvujaji tuliouita hasara ndio uliokuwa unafika Ihefu.

Na mferejini unakwenda kufanya nini Septemba, wakati mpunga umeshavunwa Juni? Nilipata kukaa siku chache na familia moja pembeni ya mfereji wa namna hiyo. Asubuhi kina mama wanachota maji ya kupikia. Saa nne wanafua. Mchana vijana wanafyatua matofali, jioni ng'ombe wanakunywa, watoto wanaoga. Yote haya hayamalizi hata ndoo za kuhesabika ukilinganisha na maji yaliyomo. Mengine yote yanapita, yanaingia kwenye majaruba yasiyo na mmea hata mmoja, yanatandaa, yanapanda juu kama mvuke. Nilimuuliza mwenyeji wangu kwa nini wasiufunge mlango mpaka Novemba. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hajafunga bomba la nyumbani kwake na kuacha watoto na kiu. "Tukifunga, tutakunywa wapi?" Pale kijijini kisima hakikuwepo. Mto mzima ulikuwa unageuzwa njia kwa sababu hakukuwa na kisima cha pampu ya mkono.

Habari hii ya Usangu haikuanza na wakulima wadogo. Wabaluchi waliohamia huko wakati wa Waingereza ndio wanaotajwa kuanzisha mpunga wa mifereji. Baadaye yakaja mashamba makubwa ya serikali, Mbarali miaka ya 1970 kwa msaada wa Wachina, kisha Kapunga, na pembeni mwa kila shamba kubwa wakaongezeka wakulima wanaokinga maji yaliyobaki. Hakuna siku hata moja iliyotangazwa kwamba leo tunaua mto. Mwaka 2001 aliyekuwa Waziri Mkuu, Frederick Sumaye, alitangaza kwamba ifikapo 2010 Ruaha Mkuu utakuwa unapita tena mwaka mzima. Mwaka 2010 ulifika ukapita, na mchanga ukabaki pale pale.

Sasa turudi Kilombero, kwa njia ile ile waliyoipita wale wafugaji. Maana wengi walioondolewa Ihefu mwaka 2006 hawakupotea hewani. Waliambiwa waende kusini, na sehemu yao waliingia bonde la Kilombero na mifugo yao. Mwaka 2012 wakaondolewa tena huko kwa operesheni nyingine. Ng'ombe wale wale, ndama wao na wajukuu wao, wamesukumwa kutoka ardhioevu moja hadi nyingine, na kila walikotolewa tulipiga makofi tukidhani tumeokoa maji.

Bonde lenyewe ni la kushangaza, na wanaolizoea ndio wanaosahau. Upande mmoja imesimama Udzungwa kama ukuta, upande wa pili milima ya Mahenge, na katikati ni tambarare ambayo masika hugeuka ziwa. Mwaka 2002 iliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa ardhioevu, kilomita za mraba zipatazo 7,967. Sheshe, yule swala wa rangi ya dhahabu anayependa nyasi za kando ya maji, wakati huo iliaminika kuwa robo tatu ya jamii yake yote duniani iko hapa. Leo unaweza kuzunguka siku nzima mahali ambapo baba zetu waliwaona kwa makundi usimwone hata mmoja. Kuna ndege anayesuka kiota chake kwenye matete haya, anayeitwa kwa Kiingereza kwa jina la mto na kwa kitaalamu kwa jina la mtu, wala hapatikani kwingineko ulimwenguni. Sisi hatujampa hata jina linalojulikana nje ya kijiji.

Lakini najua sheshe na ndege hawamzuii mtu mwenye ada ya shule ya kulipa. Basi tuzungumze maji. Kilombero ndiyo inayoupa mto Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake. Kadirio linalotumika sana ni asilimia 62, wakati Ruaha Mkuu kwa mwendo wake wote huchangia kama 15. Bwawa la Julius Nyerere, lile la megawati 2,115 tunalolisifu kila siku kwenye taarifa ya habari, linakaa chini ya mto huu. Chini zaidi kuna wakulima wa delta ya Rufiji, mikoko, na kamba wanaovuliwa huko. Mchezo tulioufanya na mto wa asilimia 15 sasa tunaanza kuufanya na ule wa 62.

Nataka nieleweke vizuri hapa, maana kuna wanaodhani nasema mpunga ndio adui. Wandamba wamelima mpunga kwenye bonde hili vizazi na vizazi. Wanapanda mvua zikianza, maji ya masika yanapanda, mpunga unakua nayo, yakishuka wanavuna, na mtumbwi uliobeba mbegu ndio unaorudi na kambale na perege. Mpunga wa namna hiyo unaazima bonde kwa miezi sita kisha unalirudisha. Sina ugomvi nao. Mchele wa Ifakara ninaula na kuutumia kama zawadi nikienda kwa wakwe.

Ninachokiogopa ni kilimo cha miezi mingine sita. Miaka ya karibuni watu wameongezeka, bei ya mchele imepanda, huko kaskazini miwa imechukua mashamba mengi yaliyokuwa ya chakula, na matajiri wadogo wa mjini wamegundua kwamba ekari moja ya bondeni inakodishwa kwa simu. Anatuma pesa, anatumiwa picha. Hajui ekari yake iko upande gani wa maji. Anayemkodishia naye anatafuta ardhi pale ambapo bado ipo, na iliyobaki ni ile iliyokuwa haifai: ukingo wa mto na moyo wa kinamasi.

Moyo wa kinamasi una hila yake. Nimeiona kwa macho kwa mjomba wangu. Alikata matete kwenye kipande kilichokuwa na maji ya kudumu, akachimba mtaro hadi mtoni, akachoma, akapanda. Mwaka wa kwanza kila mtu alikuja kuangalia. Udongo ulikuwa mweusi kama masizi, mwepesi mkononi, ukiubana unatoa maji kama sifongo, na mpunga ulisimama hadi kifuani bila mbolea hata kilo moja. Majirani watatu wakachimba mitaro yao kabla hajamaliza kuvuna. Mwaka wa pili ulikuwa mzuri. Mwaka wa tatu udongo ulikuwa umebadilika rangi, umeshuka kimo, na kiangazi ulipasuka nyufa ambazo uliweza kuingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Akaanza kununua mbolea. Sasa anavuna kama anayelima kilimani, tofauti ni kwamba wa kilimani hana mafuriko.

Sababu yake si uchawi. Udongo ule ulikuwa majani na mizizi ya matete yaliyolala majini miaka mingi bila kuoza sawasawa kwa kukosa hewa. Ukiyaondoa maji, hewa inaingia, na hazina ya karne nzima inaoza kwa misimu miwili au mitatu. Mavuno ya mwaka wa kwanza ni kama mtu anayekula akiba ya benki akadhani ni mshahara. Kwa bahati mbaya ni mwaka huo wa kwanza ambao jirani anauona na kuiga.

Ukingo nao una habari yake. Mizizi ya matete imesukana kama mkeka, ndiyo inayoushika udongo mto unapopiga kona. Yakilimwa hadi mwisho, mafuriko ya kwanza yanamega. Gema linaanguka kipande kwa kipande, udongo unajaza mto, mto unakuwa mpana na kina kifupi, na mto wa kina kifupi ndio unaofurika haraka masika na kukauka haraka kiangazi. Waulize wavuvi. Njia walizopita na mtumbwi mzima Oktoba sasa wanashuka wakausukuma. Mabwawa waliyokuwa wakisubiri kambale hadi mwisho wa mwaka yanakauka mapema, na samaki wananaswa wakiwa wadogo. Dalili hizo wao wanazijua kabla ya ofisi yoyote, na ningependa siku moja mvuvi aitwe kwenye semina kuzieleza badala ya kuitwa kufundishwa.

Dawa nazo sitazipita kimya. Dawa ya magugu ikipuliziwa kwenye jaruba lenye mtaro wa moja kwa moja hadi kinamasini, inakwenda kufanya kazi yake kinamasini pia, na kinamasi kimejaa kitu ambacho dawa inakiona ni magugu. Hilo nalo linafanyika kila msimu bila mtu kuuliza maji ya jaruba yanatokea wapi.

Juu ya hayo yote kuna milima. Mto Ruhuji, mmoja wa wale wanaoilisha Kilombero, unapita Njombe. Ukienda mjini pale utaona maporomoko yake karibu kabisa na barabara kuu. Juu na chini ya hapo kila bonde dogo lina vinyungu, yale matuta ya mboga na mahindi ya kiangazi yanayolimwa kwenye unyevu wa bondeni. Vinyungu ni kilimo cha siku nyingi na vimewasomesha wengi wa Njombe na Iringa, nami sithubutu kuvibeza. Ila siku hizi mabonde hayo hayo yamepandwa milingoti hadi kwenye chemchemi, na parachichi, ambayo bei yake imewatia wazimu hadi wastaafu, inataka kumwagiliwa kiangazi kile kile. Unyevu unaotolewa huko kidogo kidogo ndio ambao ungekuwa mto huku chini.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za binadamu zilizo za kudumu, au zinazoweza kuuharibu mto, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wake. Watu wengi wanaijua namba hiyo, na wengine wanaigeuza. Septemba mto ukiwa mwembamba katikati ya mchanga, mtu anapima mita 60 kutoka kwenye maji. Aprili alama yake iko ndani ya mto. Kipimo kinaanzia kwenye gema, pale ambapo mto uliojaa unafika kabla haujamwagika, na kwenye tambarare ya Kilombero hata hapo ni kidogo, kwa kuwa mto huu unahamahama.

Upo pia ulinzi wa mipaka. Pori Tengefu la Kilombero lilipandishwa hadhi kuwa Pori la Akiba mwaka 2023, na vigingi vimewekwa. Vigingi vinazuia jembe, navyo vina kazi yake. Havizuii banio lililo kilomita arobaini juu yake. Usangu nayo ilipewa vigingi, kisha ukaja ugomvi wa miaka na miaka na vijiji vya Mbarali ambavyo watu wake waliamka wakajikuta ndani ya hifadhi, na wakati huo wote maji yaliyokuwa yanagombewa yalikuwa yanaishia kwenye majaruba matupu ya Septemba. Kama Kilombero tutaanza na mabuldoza tena, tutawahamishia watu na shida kwenye kinamasi kinachofuata. Malagarasi? Sijui vitabaki vingapi vya kuwahamishia.

Kwa hiyo ninaloomba ni dogo, na ni la kiangazi hiki. Mabanio yote ya mito inayoteremka Udzungwa, Lumemo, Mngeta, Ruipa na mingineyo, yafungwe mpunga ukishavunwa, yafunguliwe wakati wa kuandaa vitalu. Ili yafungwe, kijiji kinachokunywa maji ya mfereji kichimbiwe kisima kwanza. Gharama ya kisima cha pampu ya mkono haifiki hata gharama ya mkutano mmoja wa wadau hotelini. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, iliyoko Iringa, ndiyo inayotoa vibali vya kutumia maji, na kibali kinachosema lita ngapi bila kusema miezi ipi hakina maana kwenye mto huu. Jumuiya za watumia maji zikipewa ufunguo wa mlango wa banio na mamlaka ya kuufunga, zitaufunga. Wanaokaa chini ya mfereji ndio wa kwanza kujua nani kaufungua usiku.

Anayetaka mavuno zaidi bila kushuka kinamasini anayo njia. Kilimo shadidi cha mpunga kimeshajaribiwa katika mkoa huu wa Morogoro: mche mmoja mmoja, ukiwa mchanga wa siku nane hadi kumi na tano, kwa nafasi ya sentimita 25, na shamba linaloloweshwa na kukaushwa kwa zamu badala ya kufurikishwa muda wote. Maji yanayotumika ni pungufu na mavuno ni mengi kuliko ya kumwaga mbegu. Ugumu wake ni palizi, maana jaruba lisilo na maji muda wote huota magugu, na palizi ni migongo ya wanawake. Msaada ukija, uje na kipalizi cha kusukuma kwa mkono, usije na kijarida.

Kiongozi wa kijiji unayegonga mhuri kwenye mkataba wa kukodisha: usigonge kwa kipande ambacho hukijui kiangazi. Kiendee kwa miguu. Mafunjo yanajieleza yenyewe, hayaoti mahali ambapo maji huondoka.

Na wewe uliyeko Dar es Salaam, Morogoro au Dodoma, ambaye wiki hii umetumiwa picha ya shamba jeusi lililosafishwa vizuri na unaombwa utume pesa kabla hajachukua mwingine, piga simu uulize swali moja. Mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, hapo panakuwaje? Akikujibu panakauka, linalimika, jadilianeni bei. Akikujibu kwa fahari kwamba hapo hapakauki kamwe, unyevu upo mwaka mzima, basi hapo ndipo mto wa kiangazi unapotokea. Pesa hiyo usiitume.